Kufahamiana Kabla ya Kuuziana

Ahmed bin Ibrahim hakufungua duka Buganda. Alipofika katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, Suuna II mwaka 1844, akitajwa kuwa Mwarabu wa kwanza kufika huko, nchi hiyo ilikuwa na masoko yake ya ndizi, vyungu na nguo za magome ya miti. Mali iliyotoka ng'ambo, hata hivyo, ilipita kwanza mbele ya Kabaka. Mgeni aliyetembea miezi mingi kutoka pwani, akapitia eneo la Tabora ya leo, kisha Karagwe, kisha kandokando ya ziwa upande wa magharibi, alijua kwamba mteja wake ni mmoja. Alileta zawadi, akapewa nyumba na chakula, akasubiri kuitwa. Siku ya kuitwa haikuwa na mabishano ya bei. Kabaka alipokea vitambaa na shanga kama heshima aliyofanyiwa, naye akarudisha heshima hiyo kwa pembe za ndovu na, lazima isemwe waziwazi, kwa watu aliowatoa kuwa watumwa.

Jambo linalokumbukwa zaidi kuhusu Ahmed ni maneno yake kwa Suuna. Kabaka alipoamuru watu wauawe, mgeni huyo alisimama akamwambia kwamba hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu na kwamba ni dhambi kuwaua. Mtu angetarajia safari yake iishie hapo. Badala yake Suuna alitaka kumsikiliza zaidi, na nyuma yake wafanyabiashara wengine wakaendelea kupokewa. Mmoja wao alikuwa Snay bin Amir, aliyefika Buganda mwaka 1852 na ambaye baadaye, akiwa Kaze karibu na Tabora ya leo, alimsimulia Richard Burton habari za ufalme ambao Mwingereza huyo hakuwahi kuuona.

Mutesa I, aliyerithi kiti mwaka 1856, alijifunza Kiarabu na Kiswahili na kufunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Wafanyabiashara wakawa walimu wake na makarani wake. Hapo ndipo historia ya biashara ya Kampala inapopata sura yake, hata kabla mji huo wa Buganda haujaitwa Kampala: muuzaji alianza kwa kuwa mtu wa mahali pale, na uuzaji ukafuata.

Waganda wenyewe walikuwa na namna yao ya kumgeuza mtu baki kuwa ndugu. Waliiita omukago. Watu wawili walichukua buni mbili zilizotoka katika tunda moja la kahawa, kila mmoja akajichanja kidogo na kuipaka buni yake damu, kisha kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa ndugu wenye wajibu: kulishana, kulindana, kutosalitiana. Undugu wa namna hii ulienea sehemu nyingi za bara, na misafara ya pwani iliutumia ili kupita salama na kununua chakula njiani. Hata Frederick Lugard, kapteni wa kampuni ya Kiingereza aliyeweka kambi juu ya kilima cha Kampala mnamo Desemba 1890, alichanjiana damu mwaka uliofuata na mjumbe wa Ntare, mtawala wa Ankole. Tofauti ni kwamba Lugard alitaka nchi, na ndugu zake wa damu waligundua hilo wakiwa wamechelewa.

Waswahili na Waarabu wa misafara walikaa Nateete, si mbali na ikulu ya Mengo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaanza kuvusha shehena ziwani, njia ya zamani ya Tabora ilipoteza maana yake. Rupia zikachukua nafasi ya makombe ya simbi. Kampala ikawa miji miwili iliyopakana: upande mmoja Kibuga, mji wa Kabaka wenye vibanda, mafundi na wauza pombe, na upande mwingine mji wa serikali ya kikoloni, ambako maduka ya Wahindi yalijipanga barabarani. Wanunuzi walivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila siku.

Aliyeelewa mapema jinsi ya kuvuka pamoja nao alikuwa Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, akafika Bagamoyo akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860 na kufanya kazi kwa tajiri wa misafara Sewa Haji Paroo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa na duka Kampala, na alipofariki mwaka 1916 matawi yake yalikuwa yametapakaa Uganda na nchi jirani. Siri ya Visram ilikuwa kununua. Mwanakijiji asiye na fedha hawezi kuwa mteja, kwa hiyo maduka yake yalipokea ngozi, ufuta na pembe kutoka kwa watu walewale waliotazama vitambaa vyake kwa kutamani. Alilipa kwanza, akauza baadaye. Maafisa wa serikali walioishi mbali na mji walimtumia hata kama benki.

Kwa vijana waliotoka Kutch na Gujarat alifanya jambo la pili. Aliwapa bidhaa kwa mali kauli: chukua, uza, kisha ulete fedha. Kijana aliyethibitika kuwa mwaminifu alipewa shehena kubwa zaidi, na baada ya miaka kadhaa alifungua duka lake mwenyewe huku akiendelea kununua kwa aliyemlea. Wauzaji hao wadogo walikuwa ndio wateja wakuu wa Visram, na alikuwa amewatengeneza kwa mikono yake.

Kampala ya miaka hiyo ina mfano mwingine ambao bado unaonekana kila Jumamosi katika sherehe za kwanjula, siku bwana harusi anapotambulishwa kwa wakwe. Wanawake huingia wakiwa wamevaa gomesi: nguo ndefu inayokula kitambaa cha hadi mita sita, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka, mshipi mpana kiunoni, na ndani yake kikoi cha kuishikilia. Nguo hiyo inabeba jina la fundi cherehani. Gomes alikuwa Mgoa aliyekuwa na duka la ushonaji Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi ya Waganda yanaunganisha kazi yake na shule ya wasichana ya Gayaza, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1905, ambako palihitajika vazi la heshima lililofanana na namna wanawake walivyojifunga nguo za magome.

Kilichoitoa nguo hiyo shuleni na kuieneza nchi nzima ni mteja mmoja. Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, aliivaa mwaka 1914 katika sherehe za kutawazwa kwa mumewe, na wanawake wa Buganda wakataka yao. Wenye maduka ya vitambaa na mafundi wengine walifaidika kuliko Gomes mwenyewe, kwa sababu mshono haukuwa na mlinzi. Lakini tazama alivyofika hapo. Fundi wa kigeni, asiye wa ukoo wowote wa Buganda, alishona kitu ambacho hakikumlazimisha mvaaji kuacha ya kwao. Alikaa na watu, akatazama jinsi wanavyojifunga, akasikiliza wanachokiita adabu. Kati ya wafanyabiashara wote waliopita Kampala, yeye ndiye anayestahili kusomwa kwa makini zaidi na mtu anayeanza biashara leo.

Mafundi kama yeye, Wagoa, Wahindi na baadaye Waganda, walikaa na vyerehani kwenye varanda za maduka. Mpangilio huo ulikuwa na akili yake. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje, akaketi kusubiri, na kwa kusubiri akazungumza. Mwenye duka alijua nani ameoa, nani amefiwa, shamba la nani limepata mvua. Habari hizo ziliingia katika daftari la madeni, maana katika nchi ya pamba fedha zilikuja kwa msimu. Familia ilichukua chumvi, mafuta ya taa, sabuni na jembe wakati wa kupalilia, ikalipa pamba ilipouzwa. Aliyelipa kwa wakati alikuta duka limemfungulia hata usiku.

Sokoni wanawake walikuwa na njia nyingine, ndogo na ya kila siku: nyongeza. Aliyenunua fungu la nyanya alitarajia nyanya moja zaidi, na muuzaji aliyeisahau alikuwa amemwambia mnunuzi kwamba hamjali kama atarudi. Soko la Nakasero, ambalo liko mahali lilipo sasa tangu mwaka 1927, lililea vizazi vya wauzaji waliojua vema nani hupenda ndizi zilizoiva na nani hununua za kupika.

Mfumo wa daftari, hata hivyo, ulikuwa na kasoro iliyokua kimyakimya. Muuzaji alijua kila kitu kuhusu mteja, ilhali mteja hakujua chochote kuhusu muuzaji. Mwenye duka alifika shambani kudai, lakini wateja wake hawakukaribishwa mezani kwake. Binti zake na wavulana wa Kiganda hawakusoma darasa moja. Juu ya hapo, sheria za kikoloni ziliweka viwanda vya kuchambua pamba mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na mkulima alipokea bei aliyopangiwa. Ghasia za mwaka 1945 na zile za Aprili 1949 zilibeba malalamiko hayo pamoja na mengine ya kisiasa. Mwanasiasa Ignatius Musazi aliwakusanya wakulima ili wauze na kuchambua pamba yao wenyewe.

Mwaka 1959 malalamiko yaligeuka kuwa silaha. Chama cha Uganda National Movement, ambacho Augustine Kamya alikuwa kiongozi wake mashuhuri, kiliwataka watu wa Buganda wasinunue tena katika maduka ya wasio Waafrika, wasipande mabasi yao, wasinywe bia zao. Gavana Frederick Crawford alikipiga marufuku na kuwahamisha viongozi wake, lakini mgomo uliendelea kwa miezi mingi. Palikuwa na vitisho na mashamba kufyekwa. Waliogoma hawakuwa wote wa hiari. Hata hivyo wenye maduka wengi wa vijijini walifunga milango waliyokuwa wameifungua kwa miaka 20 au 30 na kuhamia mjini. Daftari lililojaa majina halikumlinda mtu. Deni peke yake halijengi urafiki, na aliyekuwa amesahau kuujenga alilijua hilo ndani ya wiki chache.

Idi Amin alilichukua jeraha hilo akalifanyia jambo la kikatili. Tarehe 4 Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia waondoke, wakapewa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka na kilichobebeka, wakiwemo raia wa Uganda waliozaliwa hapo. Kampala Road ikabaki na maduka yaliyojaa bidhaa bila wenyewe. Kamati zikayagawa kwa askari, maafisa na watu wao wa karibu, ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Ipo hadithi inayosimuliwa hadi leo ya mwenye duka mpya aliyeulizwa bei ya shati akasoma namba ya ukosi na kuitaja kama bei. Iwe ilitokea au la, imedumu kwa sababu inasema kweli kuhusu wakati wenyewe.

Rafu ziliisha mali, na hapo ikaonekana ni nini ambacho hakikuweza kugawiwa na kamati. Msambazaji wa Mombasa alikuwa akipeleka shehena kwa mtu anayemfahamu, mtoto wa mtu aliyefahamiana na baba yake. Fundi wa Bombay, wakala wa London, dereva wa lori, karani wa bandari: wote walikuwa wamefungwa pamoja na imani iliyochukua miaka mingi kuijenga. Mpokeaji mpya alipata funguo, mizani na jengo. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu, na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, fahari ya familia za Madhvani na Mehta, vikadidimia.

Biashara ya magendo iliyofuata nayo iliendeshwa kwa kufahamiana, ila kwa sura yake ya giza. Kupata gunia la sukari kulitegemea unamjua nani kambini au ghalani. Ndani ya dhiki hiyohiyo, wake wa makarani na walimu, ambao mishahara ya waume zao haikutosha tena hata kwa wiki, walianza kuuza. Walianza na majirani: maandazi, mafuta ya kula yaliyopimwa kwa vikopo, nguo zilizoshonwa nyumbani. Soko la Owino, lililoanza mwaka 1971 na ambalo jina lake rasmi sasa ni St. Balikuddembe, likawapokea wengi wao. Wachumi huandika kuhusu kuporomoka kwa miaka ile. Hakitoshi kile kinachoandikwa kuhusu wanawake waliolisha mji kwa mtaji wa majirani waliowaamini.

Mji ulipoanza kuinuka katika miaka ya 1980, moja ya majina yaliyosikika zaidi viwandani lilikuwa Mukwano, yaani rafiki. Amirali Karmali, Muasia wa Uganda aliyejulikana zamani kwa biashara ya mazao na usafirishaji upande wa Fort Portal, alijulikana kwa jina hilo. Kiwanda chake cha sabuni na mafuta ya kupikia cha Kampala kikachukua jina hilo la mitaani. Baada ya yote yaliyopita kati ya wenye maduka na wateja wao, si jambo dogo kwamba mamilioni ya Waganda waliendelea kufulia sabuni iliyoitwa rafiki na kwamba jina halikuonekana kuwa la uongo.

Owino yenyewe ilifikia upeo wake kwa mivumba, nguo za mitumba. Robota linapofunguliwa, nguo bora ni chache, na muuzaji hawezi kuziuza kwa yeyote anayepita. Ana watu wake: mwalimu anayetafuta mashati ya mikono mirefu, mwenye duka dogo la Ntinda anayechagua magauni ya kwenda kuuza tena, mama mwenye watoto wanne wa shule. Zamani aliwatumia ujumbe kwa mtoto wa jirani; siku hizi huwapigia simu jioni kabla ya robota kukatwa. Wanaitana kasitoma kwa pande zote mbili, muuzaji na mnunuzi. Februari 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko, ukarudi tena mwaka 2011 na 2013. Waliopoteza kila kitu walirudi kusimama mahali palepale, na waliwahitaji kasitoma wao kuliko walivyowahi kuwahitaji.

Uhusiano huo haukai sokoni tu. Vikundi vya munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida, hukusanya michango ya wanachama na kubeba sufuria, viti na chakula hadi kwenye nyumba yenye msiba. Mabugo, ambayo zamani yalikuwa nguo za magome za kumfunikia marehemu, sasa hutolewa kama fedha, na jina la aliyetoa huandikwa. Wanawake wana nigiina, ambamo kila mmoja kwa zamu yake hupelekewa zawadi kwa ngoma na vigelegele. Mchuuzi wa Kampala anayekosa mazishi ya mteja wake ana mambo ya kueleza. Kuna wanaosema huku ni kujitangaza kwa kisingizio cha huruma, lakini wanasema hivyo kwa sababu hawajafiwa mbali na kwao. Mtu anaweza kuwa na nia ya kuuza na bado akalia kwa dhati, na Kampala haijawahi kumtaka achague.

Kikuubo, kile kichochoro cha jumla katikati ya mji, kimeupeleka mtindo huu nje ya mipaka. Wanunuzi hutoka Congo mashariki, Rwanda na Sudan Kusini, na kwa wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya kuanzia mazungumzo. Mgeni wa mara ya kwanza hulipa taslimu. Akirudi mara kadhaa hutafutiwa nyumba ya kulala wageni na lori la kubebea, na siku moja hupakiwa bidhaa zaidi ya fedha alizonazo. Baada ya mapatano ya amani ya Sudan mwaka 2005 Waganda wengi walikimbilia Juba. Huko ndiko walikojifunza kwamba serikali haizoeleki kama mtu: kampuni zilizopeleka nafaka kwa serikali ya Juba kuelekea 2010 zilikaa miaka bila kulipwa, vita vya Desemba 2013 vikazidisha hasara, na mwishowe serikali ya Uganda ikalazimika kuanza kuzifidia kwa fedha za walipa kodi.

Fedha za simu, zilizoletwa na MTN mwezi Machi 2009, ziliurahisisha mtindo huu bila kuubadilisha. Mteja wa Arua aliyehitaji kusafiri ili kulipa sasa hutuma fedha na mzigo hupakiwa kwenye basi la usiku, ila tu kama aliye Kampala anaijua sauti yake. Mvutano mkali zaidi umetoka kwa mamlaka ya mapato. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa siku kadhaa kupinga EFRIS, mfumo wa kielektroniki unaotaka kila mauzo yatolewe risiti iliyounganishwa na mamlaka hiyo. Kodi ilikuwa sehemu ya hasira, na serikali ina haki ya kutaka kodi yake. Sehemu nyingine ilitokana na namna kazi inavyofanyika: gunia huchukuliwa asubuhi kutoka duka la jirani bila fedha, huuzwa mchana, bei hukamilishwa jioni baada ya kuona lilivyouzika, na ikibidi deni huvuka hadi wiki ijayo. Risiti inataka tarehe moja na bei moja. Rais Museveni alikutana na viongozi wa wafanyabiashara, maduka yakafunguliwa, na mazungumzo juu ya mfumo huo yakaendelea huku Kikuubo ikipakia malori.